Sura iliyokaa miaka mia mbili bila jina

Kila mtoto aliyepitia shule zetu za msingi anajua kwamba nomino ni za aina mbalimbali, na kwamba mojawapo ni nomino za pekee. Amina, Mombasa, Tana: hizi huandikwa kwa herufi kubwa kwa kuwa humtenga mmoja na wenziwe. Mwanamke, mji, mto: hizi ni nomino za kawaida, na yeyote au chochote cha jinsi hiyo huingia humo bila kubisha hodi. Mwalimu huieleza tofauti hii kwa dakika tano, kisha akaendelea na somo. Mimi nami nimeieleza chuoni kwa miaka mingi, na sikiri kwa fahari kwamba sikuuona uzito wake hadi nilipoisoma historia ya picha moja na ya mwanamke aliyeichora.

Picha yenyewe imo katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris. Ilichorwa kwa rangi za mafuta juu ya turubai yenye kimo cha sentimita 81 na upana wa sentimita 65, ikaonyeshwa kwa umma mwaka 1800. Aliyeichora ni Marie-Guillemine Benoist, mmoja wa wachoraji wa sura za watu waliosifika nchini Ufaransa karne ya 19 ilipokuwa ikichomoza. Aliyechorwa ni mwanamke mweusi. Jina la mchoraji lilijulikana tangu siku ya kwanza. La mchorwa halikutajwa. Alining'inia ukutani kwa takriban karne mbili akiitwa kwa nomino ya kawaida.

Marie-Guillemine alizaliwa Paris tarehe 18 Desemba 1768, binti wa afisa wa serikali aliyeitwa Laville-Leroulx. Baba huyo, tofauti na wazazi wengi wa zama zake, hakuona kwamba elimu ya binti ilikomea kwenye kushona na kupiga kinanda. Alipoona kuwa mabinti zake wawili wana kipaji cha kuchora, aliwatafutia mwalimu, naye hakuwa mwalimu wa kubahatisha. Alikuwa Élisabeth Vigée Le Brun, mwanamke aliyekuwa akimchora Malkia Marie Antoinette na ambaye umaarufu wake ulikuwa umeenea Ulaya nzima. Kwa Vigée Le Brun binti huyo alijifunza namna ya kuifanya ngozi ya mtu ionekane hai, na namna ya kumketisha mtu kwenye kiti asionekane kama sanamu. Mwaka 1784, akiwa hajatimiza miaka 16, tayari alikuwa ameonyesha hadharani kazi zake katika maonyesho ya vijana, na mojawapo ilikuwa picha ya babake.

Mwaka huo huo alikutana na mshairi Demoustier, aliyevutiwa naye kiasi cha kumfanya kielelezo cha Émilie, binti anayeandikiwa barua katika kitabu chake maarufu kuhusu miungu ya kale ya Wayunani. Basi hata kabla hajakomaa, binti huyu alikuwa amekwisha kupewa jina lisilo lake ili aingie katika kazi ya mtu mwingine. Tuliweke jambo hili kumbukumbuni, maana suala la majina litaturudia.

Mwaka 1786 yeye na dadake Élisabeth walihamia kwa mwalimu wa pili, Jacques-Louis David, ambaye wakati huo alikuwa ndiye nguzo ya uchoraji wa Kifaransa. David alikuwa na karakana yake ndani ya jumba la Louvre, lililokuwa bado mali ya mfalme, na akawafundishia humo mabinti hao. Hapo pakazuka zogo. D'Angiviller, msimamizi wa majumba ya mfalme, aliona kuwa ni aibu wasichana kusomea uchoraji mahali palipojaa vijana wa kiume, akaamuru jambo hilo likome. David alijitetea mwaka 1787 kwa kueleza kwamba wanafunzi wake hao wa kike walitengwa kabisa na wale wa kiume na kwamba maadili yao hayakuwa hatarini. Tazama, msomaji, jinsi mjadala ulivyokwenda. Mabwana wawili waliandikiana kuhusu heshima ya wasichana. Hakuna aliyeuliza kama wasichana hao walijua kuchora.

Vikwazo havikuishia hapo. Chuo cha Kifalme cha Uchoraji, ambacho wanachama wake pekee ndio waliokuwa na ruhusa ya kuonyesha kazi katika maonyesho makuu yaliyoitwa Salon, kiliweka kiwango cha wanawake wasiozidi wanne kwa wakati mmoja. Fauka ya hayo, wanawake hawakuruhusiwa kujifunza kuchora mwili wa mwanamume aliye uchi, na bila elimu hiyo ilikuwa vigumu kwao kuchora matukio makubwa ya historia na ya visasili, ambayo ndiyo yaliyohesabiwa kuwa kilele cha sanaa. Waliachiwa maua, matunda, watoto na sura za watu. Kisha wakaambiwa kwamba wanawake hawana akili ya mambo makubwa, kwani je, si wao wanaochora maua?

Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza mwaka 1789 yalivunja uzio huo kwa muda. Mwaka 1791 Salon ilifunguliwa kwa kila mchoraji, mwanachama na asiye mwanachama, naye Marie-Guillemine, akiwa na umri wa miaka 22, hakungoja. Wala hakupeleka maua. Alipeleka picha za visa vya kale: mojawapo ikimwonyesha Psyche akiwaaga jamaa zake, nyingine ikionyesha Usafi wa Moyo uliosimama baina ya Wema na Uovu. Alikuwa akidai kiti kwenye meza ya wakubwa.

Lakini dhoruba ya siasa haimchagui wa kumpiga. Mwaka 1793 aliolewa na wakili Pierre-Vincent Benoist, mtu aliyekuwa mfuasi wa mfalme. Mwaka huo huo mfalme alikatwa kichwa, na miongoni mwa wajumbe waliopiga kura ya kumwua alikuwa mwalimu wake, David. Hebu fikiria hali ya mwanamke huyo kijana: mwalimu wake yuko upande wa wanaokata vichwa, mume wake yuko upande wa wanaokatwa. Katika kipindi kilichoitwa Utawala wa Hofu mumewe alisakwa na wenye mamlaka akalazimika kujificha. Nyumba ilihitaji chakula, na picha za Psyche hazikuwa na wanunuzi. Aliporejea Salon mwaka 1795 alikuja na picha za sura za watu. Wako wanaoliona badiliko hilo kuwa ni kushindwa. Mimi naliona kuwa ni kazi: alichora kile kilicholipwa, naye akakichora vizuri kuliko wengi.

Ndipo tunapoufikia mwaka 1800. Shemeji yake, ndugu wa mumewe, alirejea Ufaransa kutoka Guadeloupe, kisiwa cha miwa na sukari katika bahari ya Karibi, akiwa na mtumishi mwanamke mweusi. Kwa sheria ya Jamhuri iliyopitishwa tarehe 4 Februari 1794, utumwa ulikuwa umekwisha kufutwa katika makoloni ya Ufaransa. Kwa hiyo kisheria mwanamke huyo hakuwa mtumwa. Alikuwa mtumishi katika nyumba ya watu, mbali na kwao. Marie-Guillemine akamketisha, akamchora.

Kwenye picha hiyo ameketi kwenye kiti kizuri cha mbao kilichofunikwa kwa kitambaa cha samawati. Amefunga kilemba cheupe kichwani, pete ya dhahabu inaning'inia sikioni, na vazi lake jeupe limeshuka likaliacha titi wazi. Kiunoni limeshikwa kwa utepe mwekundu. Nyuma yake hamna chochote: hamna mnazi, hamna shamba la miwa, hamna bibi mzungu anayemhudumia. Katika picha nyingi za Ulaya za karne zilizotangulia, mtu mweusi alisimamishwa pembeni akishika sinia au mwavuli, ili weusi wake uzidishe weupe wa mwenye picha. Huyu hamhudumii mtu. Picha yote ni yake. Amemgeukia atazamaye, naye anamtazama kwa macho tulivu ambayo si ya kuomba wala ya kutisha. Weusi wa ngozi yake haukupakwa kwa rangi moja ya kijumla, bali kwa vivuli vingi vya hudhurungi, na mwanga unatua begani na kwenye paji la uso kama unavyotua kwa binadamu yeyote.

Waliouona mchoro huo mwaka 1800 hawakukubaliana, na wajuzi wa leo hawajakubaliana pia. Wapo wanaosema samawati, nyeupe na nyekundu si rangi za kubahatisha, bali ni bendera ya Jamhuri, na kwamba mchoraji alikuwa akisema kuwa mwanamke huyu naye ni raia. Wapo wanaolisoma titi lililo wazi kuwa ni alama ya Uhuru, ambao wachoraji wa zama hizo walipenda kuuchora kwa umbo la mwanamke. Wengine wanajibu kwamba hakuna mke wa wakili wa Paris ambaye angeketishwa hivyo mbele ya halaiki, na kwamba kumvua mtumishi nguo kunakumbusha soko la watumwa kuliko bendera. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zina hoja. Mchoraji anaweza kumwona mtu kwa jicho la heshima na bado akawa na mamlaka ya kumwamuru avue. Historia ya mahusiano ya watu imejaa mambo mawili yanayopingana yakiishi katika chumba kimoja.

Wakejeli wa Paris nao hawakukaa kimya. Lugha ya Kifaransa ina neno moja linalobeba maana mbili, yaani rangi nyeusi na pia tendo ovu. Mkejeli mmoja alilichezea neno hilo, akijifanya kushangaa kuwa mkono mweupe na mzuri ndio uliotenda weusi kama huo. Watu wakacheka. Mwanaisimu hacheki, kwa sababu anajua kwamba utani wa namna hiyo hauwezekani ila katika lugha ambayo tayari imekwisha kuamua kuwa weusi na uovu ni ndugu.

Sasa turudi kwenye majina. Katika Salon picha hiyo ilipewa anwani Portrait d'une négresse, yaani sura ya mwanamke mweusi fulani, kwa neno ambalo katika matumizi ya siku hizo lilikuwa jirani wa karibu wa neno mtumwa. Nasi wa lugha ya Kiswahili tusijitie utakatifu. Lugha yetu iliwahi kuyahitaji maneno mjakazi na mtwana kila siku, na katika pwani yetu ya Kenya ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1907 ili hali hiyo ifutwe. Nomino za namna hiyo hazielezi mtu ni nani. Zinaeleza ni wa nani.

Kuna jambo la pili, nalo liko chini ya picha yenyewe. Mchoraji aliitia sahihi kwa kuandika kwanza jina la babake, Laville Leroulx, kisha herufi F, ambayo ni kifupisho cha neno mke, kisha jina la mumewe, Benoist. Ukiisoma sahihi hiyo kwa utulivu utaona kwamba jina alilopewa yeye mwenyewe, Marie-Guillemine, halimo. Ni binti wa fulani, mke wa fulani. Juu ya turubai moja wapo wanawake wawili. Mmoja ametajwa kupitia kwa wanaume wake, mwingine hakutajwa kabisa.

Miaka miwili baadaye ule mlango uliokuwa umefunguliwa ulifungwa. Napoleon Bonaparte, aliyekuwa ametwaa madaraka mwaka 1799, alituma majeshi Karibi. Huko Guadeloupe Louis Delgrès na wenzake walipigana hadi kifo mwezi Mei 1802 ili wasirejeshwe utumwani. Mwezi huo huo, mjini Paris, ilitangazwa sheria ya kuuhifadhi utumwa katika makoloni, na Guadeloupe ikarudishwa katika minyororo. Minyororo hiyo haikukatwa hadi mwaka 1848. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa ametoka mahali ambapo, kufikia mwisho wa mwaka 1802, wenziwe walikuwa tena mali ya watu.

Na mchoraji wetu? Hapa hadithi inakuwa chungu, wala si haki tuipambe. Nyota yake ilipanda chini ya serikali hiyo hiyo. Aliagizwa kumchora Bonaparte kwa ajili ya mji wa Ghent. Mwaka 1804 alitunukiwa nishani ya dhahabu, akapewa posho ya serikali, na akafungua karakana ya kuwafunza wanawake uchoraji. Alichora jamaa za mtawala, akiwemo dadake, Pauline, ambaye picha yake aliichora mwaka 1808. Pauline huyo alikuwa mjane wa Jenerali Leclerc, yule aliyepelekwa kuwatiisha weusi wa Saint-Domingue na kufia huko mwaka 1802, kabla ya weusi hao kushinda na kuunda nchi ya Haiti tarehe 1 Januari 1804. Mkono ule ule uliomchora mtumishi kutoka Guadeloupe ulichora hariri na vito vya ukoo uliourejesha utumwa Guadeloupe. Sisemi hivyo ili kumhukumu. Nasema ili tusimfanye malaika. Alikuwa mchoraji mwenye familia, aliyeishi kwa maagizo ya wenye nguvu, kama walivyoishi wachoraji wa kiume wa zama zake.

Kisha zamu yake ikafika. Mwaka 1814 Napoleon alianguka na ufalme ukarejea. Pierre-Vincent Benoist, ambaye uaminifu wake kwa mfalme ulikuwa umemtia matatani zamani, sasa alivuna matunda yake: aliteuliwa kuwa mjumbe wa Baraza la Dola. Palikuwa na sharti ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote. Mke wa mtu mkubwa kama huyo hakustahili kuonekana akionyesha picha zake hadharani pamoja na watu wanaochora kwa malipo. Marie-Guillemine alikuwa akijiandaa kwa Salon ya mwaka huo. Alikuwa na umri wa miaka 45, katika ukomavu wa ufundi wake. Alimwandikia mumewe barua akikubali kujiuzulu sanaa yake, lakini hakuyaficha maumivu yake. Alimweleza kwamba moyo ulimtoka damu kwa kulazimika kuiridhisha dhana mbaya ya jamii. Alikumbusha miaka ya masomo, juhudi na kazi ngumu, na mafanikio yaliyochelewa kufika, na jinsi ilivyokuwa vigumu kuyaona yote hayo yakigeuzwa kuwa kitu cha kuonewa haya.

Mumewe hakuwa dhalimu. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye cheo kizuri, katika jamii iliyoona kwamba cheo cha mume kinatosha kuwa kazi ya watu wawili. Hilo ndilo linaloifanya habari hii iwe nzito. Hakuna aliyempiga marufuku, wala hakuna askari aliyekuja kuivunja karakana. Aliombwa tu aone busara, naye akaiona.

Mwaka 1818 Mfalme Louis wa 18 aliinunua ile picha ya mwaka 1800 kwa ajili ya makumbusho ya taifa. Hivyo serikali iliyompa mumewe cheo, na cheo kilichomnyamazisha, ndiyo iliyoihifadhi kazi yake bora. Alifariki Paris tarehe 8 Oktoba 1826, akiwa na miaka 57. Chuo kikuu cha sanaa za uchoraji cha Paris hakikuwapokea wanafunzi wa kike hadi mwaka 1897, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake.

Picha ikabaki ukutani. Mwaka 2018 wanamuziki wa Marekani Beyoncé na Jay-Z walipopiga filamu ya wimbo wao ndani ya Louvre, sura hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizoonyeshwa, ikatazamwa na mamilioni. Mwaka uliofuata, makumbusho ya Orsay yaliandaa maonyesho kuhusu watu weusi waliochorwa na wasanii wa Ufaransa, na watafiti wakajitahidi kuyatafuta majina ya watu hao. Huyu wetu akaonyeshwa kwa jina la Madeleine. Si jina la kwao Afrika, na huenda si jina ambalo angejichagulia mwenyewe. Hata hivyo ni nomino ya pekee, nayo huandikwa kwa herufi kubwa.

Kuna kishawishi cha kuwafananisha wanawake hawa wawili na kusema kwamba wote walionewa. Tukikatae. Aliyenyang'anywa brashi alikuwa na nyumba, mali, barua zake zilizosomwa na jina lake katika orodha. Aliyenyang'anywa jina hakuachiwa hata barua moja. Mizani ya dhuluma haiko sawa. Ninachosema ni kwamba jamii iliyoona ni jambo la kawaida mmoja atajwe kupitia kwa mumewe ndiyo hiyo hiyo iliyoona ni jambo la kawaida mwingine asitajwe kabisa. Anayezoea kufuta jina moja hupata wepesi wa kufuta la pili.

Wala tusidhani kwamba haya ni ya Paris tu. Katika vitabu na hifadhi za nyaraka zetu zimo picha za enzi ya ukoloni zinazotaja kabila, mahali, mwaka na hata jina la mpiga picha, huku anayetazamwa akiitwa mwanamke wa kienyeji au mzee wa kijiji. Baadhi ya wajukuu wa watu hao wangali hai na wanaweza kuulizwa. Na tusiishie kwa wakoloni. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuleta darasani picha ya jamaa zake walipokuwa kwenye sherehe, akatutajia kila aliyemo, hadi alipomfikia mwanamke aliyempakata mtoto pembeni. Huyo, alisema, ni yaya. Nilimwuliza jina lake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba atampigia mamake simu amwulize.

Wiki iliyofuata alikuja na jina, akaliandika kwa kalamu nyuma ya picha. Nimekwisha kuifundisha nomino ya pekee kwa njia nyingi, lakini sijapata kuifundisha vizuri kuliko siku ile.